Mlinzi wa Ndege ya Imaura

Mshono wa kwanza wa bawa la ndege ya Kiingereza ulifumuliwa na Shigeno. Bwana Ukita, mhandisi aliyeletwa kutoka Osaka, alisimama nyuma ya bega lake akirudia maneno yaleyale: "Polepole. Kata uzi, usikate kitambaa." Shigeno alikuwa ameshona na kufumua tangu meno ya utotoni hayajamtoka, na tofauti ya uzi na kitambaa hakuhitaji kufundishwa. Lakini aliona mwanamume yule anaogopa, na hofu yake ilikuwa ya haki. Ndege ilikuwa hiyo hiyo moja, haikuwa yake, na alikuwa ameahidi kuirudisha kama alivyoikuta.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo. Ilivusha watu na magazeti kutoka bandari ya Imaura kwenda visiwani, na ndege yake ilinunuliwa kuukuu. Mabawa yalikuwa ya ghorofa, moja juu na moja chini, yamefungamanishwa kwa nguzo na waya. Badala ya magurudumu ilivaa maboya mawili marefu ya kukalia maji. Abiria watatu waliketi mbele katika kichumba chenye madirisha, wamebanana magoti, na rubani alikaa nyuma yao, juu kidogo, kichwa nje kwenye upepo, akiwasemesha kupitia tundu lililokuwa katikati yao. Ndege nzuri, kila mtu alikiri, ila ilishachoka. Kuagiza nyingine Uingereza kulikuwa nje ya uwezo wa kampuni, basi mwenye kampuni akaamua nyingine iundwe papo hapo Imaura, kwa kuifumua hii na kuiiga kipande kwa kipande.

Iundwe na nani? Na waunda mashua, kwani Imaura kulikuwa na nani mwingine? Mti walikuwa wanaujua, gundi walikuwa wanaijua, na mtu anayeweza kupinda ubao wa mashua bila kuuvunja atashindwaje na mbavu za bawa? Mkuu wao alikuwa Fundi Yoemon, mzee mfupi aliyejenga nusu ya vyombo vya bandari ile na aliyeamini kwamba nusu nyingine haifai kitu. Chuma alipewa fundi baiskeli. Kitambaa walipewa wanawake sita waliokuwa wakishona matanga na mavazi ya harusi, wengi wao wajane, na Shigeno alikuwa mmoja wao.

"Nakilini kila kitu," Bwana Ukita aliwaambia siku ya kwanza, akipiga meza kwa kidole. "Msichokielewa ndicho mkinakili zaidi. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka," alisema Fundi Yoemon, kwa sauti ya mtu anayeweka jambo akibani.

Sasa Shigeno alifunua kitambaa, mkono wake ukaingia ndani ya bawa hadi kwenye kiwiko. Vidole viligusa kitu. Akakitoa, akakiweka kwenye kiganja, na wenzake wakasogea.

Kilikuwa kibanio cha nywele, waya mweusi uliopindwa, wa kawaida kabisa. Nyuzi tatu za nywele nyekundu zilikuwa zimenasa ndani yake.

"Kimemdondoka mshonaji," alisema Bwana Ukita. "Msichana wa kiwandani ameinama, kimemtoka, amekishonea ndani. Basi. Tuendelee."

"Na nywele?" aliuliza Fundi Yoemon.

"Fundi, kibanio hukaa kwenye nywele. Ulitaka kikutwe na nini, na samaki?"

Otaki, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi Yoemon hakucheka. Alikuwa amekunja uso na kutazama mahali kilipotoka: ndani kabisa, kando ya boriti kuu, mahali ambapo mkono haufiki ila kwa makusudi.

Ijulikane kwamba mashua haiteremshwi majini Imaura bila funadama, mlinzi wake. Fundi huchimba kitundu kwenye gogo linaloshika mlingoti chini, akiwa peke yake, akaweka humo vikaragosi viwili vya karatasi, mume na mke, na sarafu, na nafaka, na dadu mbili, na mwisho shungi dogo la nywele za mke wa nahodha. Kisha huziba kwa ubao. Mlinzi huyo ni wa kike na ana wivu, ndiyo maana mwanamke hapandi mashua ya mumewe. Yeye hubaki gatini, na nywele zake husafiri kwa niaba yake.

"Bwana Ukita," alisema Fundi, "siku ya kwanza ulitwambia nini?"

"Nilisema mengi."

"Ulisema tunakili kila kitu, hata tusichokielewa. Sasa hiki mimi nakielewa. Nikiache?"

Mhandisi alitoa leso, akajifuta shingo. Siku hiyo hakubisha tena, na mimi namsifu kwa hilo, maana wasomi wachache hujua wakati wa kunyamaza.

Shigeno alibaki ameshika kile kibanio. Mahali fulani ng'ambo, kwenye nchi asiyoweza hata kuifikiria, kulikuwa na mwanamke mwenye nywele nyekundu ambaye mikono yake ilipita mishono hiihii. Labda kweli kilimdondoka. Labda alimwogopea mtu. Vyovyote iwavyo, ndege yake ilikuwa imevuka bahari za dunia na kubeba watu wa visiwani miaka yote bila kumdhuru hata mmoja. Shigeno alikiinamia kwa heshima, akakirudisha palepale kilipokuwa, na wakati wa kulifunga bawa alishona kwa mkono wake mwenyewe.

Moyoni alimshukuru yule mwanamke, na alimwonea wivu pia. Nywele za yule zilikuwa zimefanya kazi yake.

Za Shigeno hazikufanya. Hivyo ndivyo mji ulivyoamini, na yeye aliamini kuliko mji. Miaka minane nyuma alikatwa shungi kwa ajili ya mashua ya mumewe, Senjiro, iliyoundwa na Fundi Yoemon huyuhuyu. Ilipigwa na dhoruba mchana kweupe ikirudi na chumvi. Watu wanne walikuwamo, watatu wakafa, Senjiro mmoja wao. Hakuna aliyemwambia Shigeno neno baya. Ila kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akifunga nywele za maharusi wa Imaura, kwa kuwa hakuna aliyempita kwa kazi hiyo, na baada ya hapo hakuitwa tena. Nani anataka bintiye ashikwe kichwa na mikono ile? Naye hakulaumu mtu. Alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kushona matanga.

Kazi ya ndege ilimfaa. Iliendelea majira yote ya baridi, na shayiri ilipoanza kuiva ndege ya pili ilikuwa imesimama karakanani na mabawa yake ya ghorofa, mti wake ni mwerezi wa milima ya nyuma na injini yake ya Kijapani, mviringo, yenye pua pana kidogo kuliko ile ya kwanza. Wanawake walishona kitambaa cha kitani kwenye kila ubavu, wakakipaka ile dawa ya kukaza ambayo ilinuka ndizi mbivu. Walirudi nyumbani wakinuka ndizi kichwa hadi miguu.

"Mume wangu ananiuliza kila siku ndizi nakula na nani," Otaki alilalamika. "Nimwambie nini? Nakula na bawa?"

"Mwambie unakula na Bwana Ukita."

"Huyo? Huyo hata ukimmenya hana kitu ndani!"

Walivunjika mbavu, na Shigeno alicheka nao. Kwa miezi ile alikuwa amecheka kuliko miaka minane yote, na alijua hivyo, na kila jioni alipofunga sindano zake aliishukuru ile ndege kimyakimya kama mtu anayemshukuru jirani.

Rubani aliitwa Kanzo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mkimya, masikio makubwa, mzaliwa wa Imaura. Ndiye aliyepona kwenye mashua ya Senjiro. Wakati ule alikuwa mpishi wa chombo, mdogo kuliko wote, na baada ya ajali aliondoka mjini, akarudi akiwa na cheti cha urubani. Kwa Shigeno alikuwa mwenye adabu kupita kiasi: alimwinamia kwa mbali na kupita upesi. Shigeno alidhani anajua sababu. Ukiwa umeponea chupuchupu, nani anataka kusimama karibu na mkosi?

Kanzo aliijaribu ndege mpya ndani ya bandari. Aliiendesha juu ya maji, akairusha juu ya vyombo, akaizungusha na kuitua, mara nyingi, na alirudi kila mara akitabasamu. Ikabaki safari moja tu. Mkaguzi wa serikali angekuja kutoka Tokyo, na mbele ya macho yake ndege ingejazwa uzito wa abiria watatu, ivuke mlango wa bahari hadi kisiwani Shodo na kurudi. Akiridhika angetoa kibali. Asiporidhika, mpaka mwakani, na mwenye kampuni alikwishasema bila kupindapinda kwamba bila kibali cha mwaka huu karakana inafungwa. Kwa Bwana Ukita hiyo ilikuwa aibu ya kurudi nayo Osaka. Kwa wanawake sita ilikuwa ni kurudi kwenye matanga, na matanga yalikuwa yakipungua kila mwaka kwa sababu ya vyombo vya injini.

Siku moja kabla ya mkaguzi, wakati wa chakula cha mchana, Fundi Yoemon alisimama akiwa na bakuli lake la tambi mkononi.

"Tundu nimechimba," alisema. "Kwenye boriti, nyuma ya kichumba cha abiria. Vikaragosi vimo, dadu zimo, nafaka imo. Zimebaki nywele. Nahodha wa chombo hiki ni Kanzo, na Kanzo hana mke."

"Chukueni zangu," alisema Otaki. "Ninazo mpaka masikioni."

"Tutatisha abiria," alisema mwingine.

Kanzo aliweka vijiti vyake chini. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Ndani ya bandari nimeruka bila kitu," alisema. "Hapa ni kama kuoga kwenye beseni. Lakini kuvuka, sivuki bila mlinzi. Na nywele, Fundi, nataka za Dada Shigeno."

Shigeno alidhani anadhihakiwa, akamtazama yule kijana machoni, na hakuona dhihaka. Hilo lilimuumiza zaidi.

"Nywele zangu zilishazamisha chombo kimoja," alisema. "Tafuta za mwingine."

"Ni zako au sivuki, Dada."

"Basi usivuke!"

Alitoka na tambi zake nusu. Otaki alimfuata hadi kisimani, akihema.

"Mwenzangu, mpe tu. Kishungi kama kidole, nani atakuuliza? Nywele zitaota."

"Nywele zitaota. Kanzo naye akizama ataota?"

Otaki alimshika mkono, wakasimama hivyo mpaka tambi zikapoa.

Asubuhi iliyofuata bahari ilikuwa shwari na upepo ulikuwa wa kupepea nguo kwenye kamba. Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mwenye kipepeo cha karatasi cha kujipepea na subira ndogo. Mifuko ya mchanga ilipangwa kichumbani kwenye viti vya abiria, mmoja mmoja, na kila mmoja ulipimwa kwenye mizani ya soko la samaki iliyoletwa gatini. Mji mzima ulikuja. Ndege ilifungwa kwenye gati, mabawa yake yakichezacheza juu ya maji, na Kanzo alikuwa ameketi kwenye boya lake, miguu ikining'inia, kofia ya ngozi mapajani, hapandi.

"Kuna tatizo gani?" aliuliza mkaguzi.

"Hakuna tatizo," alisema Bwana Ukita, jasho likimtiririka. "Rubani anapumzika."

"Amefanya kazi gani hata apumzike?"

Fundi Yoemon alitazama juu, akatazama chini, akaanza kuhesabu shakwe. Mwenye kampuni alitoa saa yake mfukoni, akairudisha, akaitoa. Na wale wanawake watano walimtazama Shigeno. Hawakumlaumu. Laiti wangemlaumu ingekuwa rahisi zaidi, maana angekasirika. Walimtazama tu, na kila mmoja alikuwa na watoto nyumbani.

Shigeno alipiga moyo konde, akashuka ngazi za gati hadi penye boya.

"Kanzo. Unataka kutuua kwa njaa?"

"Hapana, Dada."

"Unataka kunitesa mimi?"

"Hapana, Dada! Naapa—" akajizuia, akashika kofia kwa mikono miwili. "Siwezi. Nikivuka bila wewe nitakuwa nimekosa adabu. Nimeshakosa adabu miaka minane, inatosha."

"Adabu gani? Sema nikuelewe."

Kijana alipoanza kusema aliyatazama maji, hakumtazama yeye.

"Mashua ilipopasuka, mlingoti uling'oka, na lile gogo la chini yake likang'oka nao. Lilikuwa linaelea. La mtu mmoja, Dada, ukilala wa pili linazama. Kaka Senjiro ndiye aliyelipata kwanza. Mimi kuogelea nilikuwa sijui. Akanivuta kwa nywele, akanibandika juu yake. Nikamwambia, Kaka, na wewe? Akaniambia, 'Shika hapa, bwege wewe. Humu ndani yumo mke wangu, hatakuachia.' Halafu akaliachia."

Kanzo aliigeuza kofia mikononi, akaendelea.

"Nilishika mpaka mashua ya makaa ikaniokota. Lile tundu lilikuwa hapa, chini ya kidevu changu. Kila wimbi lilipokuja nilisema, mke wa Kaka, usiniachie. Jina lako nilikuwa sijalijua vizuri, nikawa nakuita hivyo tu. Nimekuja mlangoni kwako kukushukuru mara nyingi mno. Nikifika najiuliza, nitasemaje? Ahsante, mumeo amekufa, mimi nimekula wali? Nikageuka. Halafu nasikia wanasema nywele zako ni mkosi, na mimi nipo, natembea, ninakula, na nimenyamaza. Nisamehe. Ahsante, Dada. Ahsante sana."

Akainama pale pale kwenye boya, paji la uso juu ya ubao, mpaka ndege ikayumba.

Shigeno alikaa kwenye ngazi. Alitaka kumpiga yule kijana kwa miaka minane aliyomnyima maneno haya, na alitaka kumkumbatia, na kwanza kabisa alitaka kuhakikisha.

"Alikuita bwege?"

"Bwege."

"Basi ni yeye," alisema Shigeno. "Hakuwahi kumwita mtu anayempenda jina jingine."

Akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya mkaguzi na soko zima la samaki, na hakuona haya. Senjiro alikuwa amekufa akijua nywele za mkewe zina nguvu. Alimkabidhi mtu kwake, na yeye, bila kujua, alimpokea na kumfikisha pwani. Miaka yote hii alikuwa amezificha nywele hizo chini ya kitambaa kama kitu kilichoibwa, kumbe zilikuwa zimefanya kazi yote ziliyotumwa, isipokuwa ile ya kumwokoa Senjiro, ambayo mwenyewe aliikataa.

Otaki alishuka na mkasi. Alikuwa nao tayari, mjanja yule. "Haya, mwenzangu. Kishungi kidogo tu."

Shigeno alifungua kitambaa chake. Nywele zikashuka mabegani, nyeusi, na mvi mbili tatu mbele. Akausukuma mkasi.

"Sikupi," alimwambia Kanzo.

"Dada—"

"Sikupi nywele. Mara ile zilikwenda zenyewe, na mimi nikabaki hapa gatini kutazama maji. Nilitazama mpaka jua likatua. Sitabaki tena. Safari hii zinakwenda zikiwa kichwani."

Ilichukua muda kueleweka. Bwana Ukita ndiye aliyeelewa kwanza, akashika kichwa. "Haiwezekani. Uzito umepangwa. Kuna mchanga—"

"Toa mchanga."

"Fundi!" alilia Bwana Ukita. "Si mlisema mlinzi ana wivu? Si mlisema mwanamke hapandi?"

Fundi Yoemon aliacha kuhesabu shakwe. Machoni mwake mlikuwa na majimaji, na hasira aliyoitafuta ili kuyaficha hakuipata. "Huyu ndiye mlinzi mwenyewe," alisema. "Atamwonea nani wivu?"

Wote wakamgeukia mkaguzi. Yule bwana alikuwa ameacha kujipepea. Alitazama mifuko, akamtazama Shigeno, akaitazama ndege kwa muda mrefu.

"Kanuni inataka uzito wa abiria watatu," alisema hatimaye. "Sijawahi kuona kanuni inayokataza mfuko mmoja kuwa na nywele. Mpimeni."

Basi Shigeno akapandishwa kwenye mizani ya samaki, mbele ya watu, na Otaki ndiye aliyesukuma jiwe la mizani.

"Kan kumi na tatu na kitu!" alipaza sauti, yaani kilo hamsini hivi. "Na jana tambi hakumaliza! Angemaliza tungetoa na rubani!"

Kicheko kilienda gati zima, hata mkaguzi alijificha nyuma ya kipepeo chake. Mfuko mmoja na nusu ukatolewa. Shigeno akavua ndara zake, akapanda juu ya boya, akaingia kichumbani kwa miguu ya soksi. Wakati Bwana Ukita anaufunga mlango mdogo, alisita, akainama karibu na dirisha.

"Kitambaa cha bawa la kushoto ni chako," alisema. "Nimekipima kila mshono. Hakuna bora."

Injini iliunguruma. Nyumba za Imaura zilipita mbio, watu wakawa vipande vya rangi, maji yakagonga maboya kwa nguvu, yakagonga tena kidogo, halafu hayakugonga. Shigeno alikumbatia mfuko wa mchanga uliokuwa pembeni yake na kufumba macho, na alipoyafumbua ndege ilikuwa juu, na mabawa mawili yalikuwa yametanda kila upande, yametulia, kila mshono umeshika.

Aliwaza wale wote waliomfikisha pale: Otaki aliyeshinda akimchekesha, Fundi aliyekataa kutupa kibanio, yule mwenye nywele nyekundu. Kila mmoja alimshukuru kwa jina, na yule asiyejulikana jina alimshukuru hivyohivyo. Halafu ikaja bahari yenyewe.

Miaka minane alikuwa akiiwazia kama kaburi lenye alama. Aliitafuta ile alama chini yake na hakuiona. Yalikuwa maji, ya kijani karibu na miamba na ya buluu katikati, yenye mashua kumi au zaidi zilizotawanyika zikivua, na katika kila mashua mwanamke fulani alikuwa amewekwa chini ya mlingoti. Kulikuwa na mwanga mwingi. Palipozama mashua yake pangeweza kuwa popote, na kwa kuwa pangeweza kuwa popote, aliinama kuelekea kote.

"Ahsante," alisema. "Mtoto uliyenikabidhi amefika. Ana masikio makubwa lakini ni mzima."

Upepo ulikuwa mkali juu ya mlango wa bahari, ndege ikatikisika, bawa la kulia likashuka na kupanda. Nyuma yake, kwenye lile tundu, sauti ya Kanzo ilipita katikati ya mngurumo, imejaa wasiwasi.

"Dada! Dada Shigeno, uko salama huko? Unaogopa?"

Shigeno aligeuka, akakaribia tundu. Aliona kidevu chake tu.

"Usinitazame mimi, bwege wewe," alimwambia. "Tazama mbele. Mimi nipo, sikuachii."